Mikono Iliyokatazwa Kusema

Mnamo Septemba 1880 watu 164 walikutana mjini Milan, Italia, kuamua watoto viziwi wafundishwe vipi. Walikuwa mapadri, walimu, wakuu wa shule na wafadhili, zaidi ya nusu yao Waitaliano, na wengi wa waliosalia Wafaransa. Kiziwi alikuwa mmoja tu, James Denison, mkuu wa shule ya watoto viziwi mjini Washington. Vikao vilianza tarehe 6 vikaisha tarehe 11. Kura ilipopigwa, watu 160 waliafiki kwamba neno la mdomo linaishinda alama ya mkono bila ubishi, na kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa mdomo. Waliokataa walikuwa wanne. Azimio la pili lilibana zaidi: hata kuchanganya mdomo na mikono kusiwepo, kwa maelezo kwamba alama huharibu matamshi na kuvuruga mawazo ya mtoto.

Kwa takriban miaka 100 iliyofuata, sehemu kubwa ya dunia ilikwenda na azimio hilo. Waliolilipia ni watoto ambao hawakuwa na njia hata ya kueleza kilichowapata. Naisimulia habari hii kwa Kiswahili kwa sababu azimio lile lilifika kwetu pia, likakaa madarasani mwetu, na hadi leo hoja yake inasikika kila mzazi anapoambiwa aizuie lugha moja ya mwanawe ili nyingine ipate nafasi.

Tusiwafanye watu wa Milan kuwa mashetani. Mwenyekiti wao, Padri Giulio Tarra, aliyatoa maisha yake kuwafundisha watoto viziwi wa familia maskini. Yeye na wenzake walitaka mtoto kiziwi aweze kuungama mwenyewe, aelewane na mama yake, apate kazi, asionekane kiumbe wa kuhurumiwa. Waliamini njia ya kufika huko ni moja tu, nayo ni sauti. Mikono waliiona kuwa kishawishi: mtoto akiruhusiwa kutumia alama hatajihangaisha kusema. Nia yao ilikuwa njema kiasi kwamba hawakuona haja ya kuwauliza viziwi wenyewe.

Na viziwi wa kuulizwa walikuwepo. Zaidi ya miaka 100 kabla ya mkutano huo, huko Paris, Padri Charles-Michel de l'Épée alikuwa amefungua shule ambayo lugha yake ya kufundishia ilikuwa ya mikono. Ilitoa viziwi waliosoma, wakaandika Kifaransa kizuri, wakawa walimu. Mmoja wao, Laurent Clerc, alivuka bahari mwaka 1816 pamoja na Mmarekani Thomas Hopkins Gallaudet, na mwaka uliofuata wakafungua shule ya viziwi mjini Hartford. Gallaudet alimwoa Sophia Fowler, mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa shule hiyo, kiziwi. Wana wawili wa ndoa hiyo, Thomas na Edward, walikuwamo katika ukumbi wa Milan, upande wa wachache. Walikuwa wamelelewa na mama kiziwi. Walijua tangu utotoni kwamba mikono inaweza kubembeleza, kukaripia, kutania na kusali. Wenzao walikuwa wakijadili mbinu ya kufundishia. Wao walikuwa wakisikiliza lugha ya mama yao ikihukumiwa.

Hoja iliyowateka wajumbe haikuwa ya kitabu, ilikuwa ya macho. Wanafunzi wa shule za Milan waliletwa mbele yao, wakaulizwa maswali kwa mdomo, wakajibu kwa mdomo. Ukumbi ulivutiwa mno. Wapo waliogundua kwamba baadhi ya watoto walianza kujibu kabla swali halijaisha, lakini shaka yao haikuzima shangwe. Swali lililostahili kuulizwa pale ni jepesi: huyu anayesema vizuri alizaliwa hasikii, au alipoteza usikivu akiwa ameshajua kusema? Tofauti kati ya watoto hao wawili ndiyo kiini cha habari yote hii, nami nitairudia baadaye. Kwanza tuangalie midomo yenyewe.

Msomaji asimame mbele ya kioo, azuie sauti, aseme taratibu: mama, baba, papa. Midomo inafumba na kufumbua vilevile mara zote tatu. Kinachotofautisha m, b na p kiko puani na kooni, mahali ambapo jicho halifiki. Ajaribu kaka na gaga: hapo midomo haina kazi yoyote, kila kitu kinafanyika nyuma ya ulimi. Mtu anayeijua lugha huziba mapengo haya kwa kukisia. Akiona midomo imefumba mara mbili huku mtoto anamkimbilia mwanamke mlangoni, anajua limetajwa neno mama wala si papa. Anaweza kukisia kwa sababu Kiswahili kimo kichwani mwake tayari. Mtoto aliyezaliwa kiziwi anatakiwa akipate Kiswahili chenyewe kutoka kwenye midomo hiyohiyo, yaani azibe mapengo ya lugha kwa lugha ambayo bado hana.

Ndicho kilichofanyika, darasa kwa darasa. Mtoto aliwekewa mkono kwenye koo la mwalimu ili ahisi mtetemo, kisha kwenye koo lake. Kipande cha karatasi kilishikwa mbele ya midomo yake ili kipeperuke kwa p na kitulie kwa b. Silabi moja iliweza kula siku nyingi, na neno moja likala zaidi. Wakati huo hesabu ilisubiri, historia ilisubiri, hadithi zilisubiri, kila kitu ambacho mtoto wa umri wake alikuwa akijifunza kilisubiri mpaka mdomo ufunguke. Walimu viziwi, ambao wangeweza kumfundisha mambo hayo asubuhi moja, walipoteza kazi kwa kuwa mtu asiyesikia hawezi kusahihisha matamshi. Watoto walichapwa viganja kwa kutumia alama, wakaamriwa kukalia mikono yao, wengine wakafungwa. Ushuhuda wa namna hiyo umetolewa na viziwi wazee wa nchi nyingi zisizofanana kwa lolote jingine.

Wachache walifaulu, na hao ndio walioitwa mbele wageni walipotembelea. Wengi wao walikuwa na mabaki ya usikivu au waliziwika wakiwa wamekwisha kusema. Wale walioshindwa waliitwa wazito wa akili. Kosa la njia likaandikwa kwenye jina la mtoto.

Usiku, mabwenini, mikono iliendelea kusema. Hapa kuna jambo ambalo lazima lieleweke vizuri, maana linaitofautisha lugha ya mikono na lugha nyingine. Zaidi ya tisa katika kumi ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kihaya humfikia mtoto kwa mama, vivyo hivyo Kigiriki na Kiswahili. Lugha ya alama mara nyingi haina mama wa kuipitisha. Mtoto huichukua kwa watoto wenzake, na hao waliichukua kwa waliowatangulia bwenini. Shule ya bweni ndiyo kijiji chake cha asili. Milan ilipoifukuza lugha hiyo shuleni, iliifukuza kutoka mahali pekee ambapo watoto hao wangeweza kukutana nayo. Iliishi kwa sababu watoto hawakutii.

Sasa turudi kwa watoto wale wawili, na tuwalete karibu na kwetu.

Mchukue binti aliyezaliwa kiziwi, kijiji chochote kati ya Tabora na Bungoma, katika nyumba ya watu wanaosikia. Wanampenda. Wamebuni ishara zao za nyumbani: mkono mdomoni ni chakula, vidole viwili vikisimama kichwani ni ng'ombe, viganja vikisugua mashavu ni kaoge, kidevu kikielekea mlangoni ni toka. Kwa ishara hizo binti anachota maji, anachunga, anafua, anambeba mdogo wake. Mgeni anaweza kukaa siku nzima asijue kwamba kuna kilichopungua. Lakini katika ishara hizo hamna kesho, hamna juzi, hamna labda, hamna kama, hamna kwa nini. Bibi yake anapofariki nyumba inajaa watu, turubai linafungwa uani, wanawake wanalia, na yeye anaona sanduku likishushwa ardhini. Hana namna ya kuuliza. Mama naye hana namna ya kumwambia bibi yumo humo na kwamba hatarudi. Wiki kadhaa baadaye binti bado anachungulia chumba cha bibi akitazamia kumkuta. Yuko kwao, analishwa na anapendwa, na hana lugha.

Nyumba ya pili kuna mvulana aliyezaliwa anasikia. Aliongea mapema, alitukana mapema, alijua vitendawili. Akiwa na miaka tisa alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila masikio hayakupona.

Wote wawili wanapelekwa shule ya viziwi wakiwa na miaka kumi, na wote wanaiona lugha ya alama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ukiuliza watu nani ataimudu vizuri akiwa mtu mzima, wengi watamtaja binti: amezaliwa kiziwi, ametumia macho na mikono maisha yake yote. Jibu la kweli ni mvulana.

Mtafiti Rachel Mayberry alilionyesha hilo mwaka 1993 kwa viziwi watu wazima wa Amerika ya Kaskazini. Aliwapa sentensi ndefu za lugha ya alama wazikumbuke na kuzirudia. Waliokuwa na lugha hiyo tangu kuzaliwa walifanya vizuri kuliko wote, na kadiri mtu aliyezaliwa kiziwi alivyochelewa kuipata ndivyo alivyoyumba, hata kama alikwisha kuitumia kwa miongo. Hiyo ingetarajiwa; samaki mkunje angali mbichi. La kushtua ni kundi jingine: watu waliozaliwa wanasikia, wakaziwika wakiwa wakubwa kidogo, wakajifunza alama katika umri uleule wa wale waliochelewa zaidi. Hawa waliwapita kwa mbali viziwi wenzao wa kuzaliwa walioanza nao umri mmoja. Kwao alama ilikuwa lugha ya pili. Kwa wale wengine ilikuwa lugha ya kwanza, iliyofika imechelewa.

Mwaka 2002 Mayberry na wenzake walitoa upande wa pili wa jambo hilo katika jarida la Nature. Safari hii walipima Kiingereza. Walichukua viziwi waliokuwa na lugha ya alama tangu utotoni, wakawalinganisha na watu wanaosikia waliokua na lugha nyingine nyumbani na kukutana na Kiingereza shuleni. Makundi hayo mawili yalikwenda sambamba. Viziwi ambao hawakuwa na lugha yoyote ya maana katika miaka yao ya mwanzo walibaki nyuma sana. Kwa hiyo alama, ambazo Milan ilisema zitaizuia lugha ya mdomo, ndizo zilizomfungulia kiziwi njia ya kufikia lugha ya watu wanaosikia. Aliyenyimwa alama kwa ajili ya Kiingereza alikosa vyote viwili.

Tunapozoea kusema lugha ya kwanza, ya pili, ya tatu, tunadhani tunahesabu tu, kana kwamba kila moja inajitegemea na anayekosa ya kwanza atashika ya pili badala yake. Watoto hawa wanatuonyesha kwamba sivyo. Lugha ya kwanza, iwayo yote, ndiyo inayomfundisha mtoto kwamba kuna sentensi: kwamba kuna aliyetenda na aliyetendewa, jana na kesho, jambo lililotokea na jambo ambalo lingeweza kutokea. Akishalijua hilo kwa Kimakonde, Kijaluo au kwa mikono, hahitaji kulijifunza tena anapokutana na Kiingereza. Anajifunza Kiingereza kinalisemaje. Mvulana wa uti wa mgongo aliingia shuleni nalo. Binti aliingia bila hilo, na hakuna mwalimu hodari kiasi cha kumrudishia miaka kumi.

Kwamba njaa ya lugha haimo katika sauti, dunia ilikuja kushuhudia Nicaragua. Mwaka 1977 ilifunguliwa shule ya elimu maalumu mjini Managua, na baada ya mapinduzi ya 1979 ikaongezeka shule ya ufundi. Kwa mara ya kwanza mamia ya watoto na vijana viziwi walikuwa pamoja. Kila mmoja alikuja na ishara zake za nyumbani, kama za binti yetu. Walimu waliwafundisha kusoma midomo ya Kihispania, na hawakupata matokeo ya maana. Uani na ndani ya basi la shule, watoto walikuwa wanajitengenezea lugha. Waliotangulia waliunganisha ishara zao. Wadogo waliofuata walizipokea na kuzipa sarufi ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Mwanaisimu Judy Kegl alipoitwa mwaka 1986 kueleza kinachoendelea, alikuta lugha mpya. Mtafiti Ann Senghas na wenzake waliofuatilia miaka ya baadaye waliona kwamba wadogo waliisema kwa ufasaha na utajiri kuliko kaka na dada zao walioianzisha. Hata pale penye lugha inayozaliwa, aliyefika mapema alipata zaidi.

Afrika Mashariki ilifungua shule zake za kwanza za viziwi wakati azimio la Milan bado lina nguvu. Nyang'oma na Mumias nchini Kenya zilianza mwaka 1961, Tabora mwaka 1963. Ni shule zilizojengwa kwa huruma ya kweli, mara nyingi na watu wa kanisa, na bila hizo maelfu wasingeona daftari. Njia iliyokuja na walimu wa Ulaya, hata hivyo, ilikuwa ya mdomo. Mtoto wa Kijaluo au wa Kinyamwezi, ambaye hakusikia lugha ya nyumbani, alifundishwa kutamka lugha nyingine ambayo mara nyingi wazazi wake wenyewe waliijua kwa shida. Ukimhesabia vizuri, mtoto huyo alikuwa amezungukwa na lugha zaidi ya moja na hana hata moja.

Na hapa pia bweni liliokoa. Alama za Nyang'oma zilisafiri na wahitimu wake hadi miji mingine ya Kenya. Tanzania, kila shule ilikuza alama zake, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilipata kazi kubwa ya kuzikusanya ili kiziwi wa Tabora na wa Buguruni, Dar es Salaam, wawe na Lugha ya Alama moja ya taifa. Kwa upande wa Zaire, yaani Kongo ya leo, na Burundi, shule kadhaa za viziwi zilifika kwa mkono wa Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi, aliyeanzia Ghana mwaka 1957 na kufungua shule zaidi ya 30 barani Afrika. Yeye alifundisha kwa alama tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alijua mwenyewe. Alikufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda Desemba 1987, na natamani jina lake lingefahamika katika shule zetu kama yanavyofahamika majina ya wavumbuzi wa mito na maziwa.

Mabadiliko yalikuja taratibu mno. Mwaka 1960 mtafiti William Stokoe alikuwa amechapisha uchambuzi uliothibitisha kwamba alama za viziwi wa Marekani ni lugha kamili yenye sarufi yake. Sweden iliitambua lugha ya alama mwaka 1981. Kenya ilianza kuziruhusu alama madarasani katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha mradi wa kuichunguza Lugha ya Ishara ya Kenya, kama lugha ya alama inavyoitwa huko. Katiba ya Uganda ya 1995 ikaweka ukuzaji wa lugha ya alama kuwa wajibu wa dola. Kisha ukaja mwaka 2010. Julai mwaka huo, huko Vancouver, Kanada, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi uliyakataa rasmi maazimio ya Milan na kuelezea majuto kwa madhara yake. Tarehe 27 Agosti mwaka huohuo Kenya ilitangaza katiba mpya, na ndani yake Lugha ya Ishara ya Kenya imeandikwa kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ilichukua miaka 130.

Lakini bunge liko mbali na jikoni. Binti niliyemtaja hazuiwi tena na azimio. Anazuiwa na kungoja. Vijijini watoto wengi hawapimwi usikivu wanapozaliwa. Mtoto asiyeongea akiwa na miaka miwili huambiwa amerithi upole wa babu yake. Akiwa na mitatu hupelekwa kwa mganga, kwenye maombi, kisha hospitali, na hospitali huanza safari ya shimesikio, yaani kikuza sauti cha kuvaa sikioni, na barua za rufaa. Katika miaka hiyo yote kila mtu anashughulikia masikio yake na hakuna anayeshughulikia lugha yake. Shule ikipatikana amekwisha kuwa na miaka minane, tisa, kumi.

Teknolojia nayo imeirudisha hoja ya zamani kwa sura mpya. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inapandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio, jambo ambalo zamani lilihitaji safari ya India. Ni hatua ya kushukuriwa. Kifaa hicho, hata hivyo, si sikio jipya. Mtoto huhitaji mazoezi ya muda mrefu kukifasiri, na watoto hawanufaiki sawasawa. Katika nchi nyingi wako wataalamu wanaowaambia wazazi wa mtoto mwenye kifaa wasimwonyeshe alama, ati atazembea kusikiliza. Ni maneno ya Milan hayohayo. Mzazi akiambiwa hivyo, amuulize mshauri wake swali moja: kifaa kisipofanya kazi ilivyotarajiwa, mwanangu atakuwa ameishi miaka mingapi bila lugha? Mtoto mwenye alama na kifaa amepata njia mbili. Mwenye kifaa peke yake amewekewa dau la utoto wake wote upande mmoja.

Wanaosikia nao wasidhani habari hii haiwahusu. Mwandishi Richard Rodriguez ameeleza katika kitabu chake cha 1982 jinsi watawa waliokuwa walimu wake huko Sacramento, California, walivyokwenda nyumbani kuwaomba wazazi wake, wahamiaji kutoka Meksiko, waongee Kiingereza na watoto wao. Walikubali palepale. Kiingereza cha watoto kikastawi na mazungumzo ya nyumba yakapungua, maana wazazi waliachiwa lugha wasiyoimudu. Rodriguez mwenyewe aliutetea uamuzi huo kuwa bei ya lazima ya kuingia katika jamii pana, na ana haki ya kuyapima maisha yake. Mimi nimebaki na wazazi wale. Leo familia za Kongo zilizopelekwa Marekani na Kanada, zenye Kiswahili cha Kivu au Katanga nyumbani, hukutana na ushauri huohuo, na Nairobi na Dar es Salaam wazazi hujishauri wenyewe bila kusubiri mtawa. Mtoto anayesikia hatakosa lugha kabisa kama binti wetu, kwa hiyo msiba wake si sawa na ule. Lakini atakachosikia ni Kiingereza chembamba cha mtu anayekitafuta, badala ya Kiswahili au Kikikuyu chenye hadithi, masimango, utani na maombi, na huo ndio utajiri ambao angekwenda nao darasani kujengea Kiingereza chake.

Kwa mzazi aliyeambiwa mwezi huu kwamba mwanawe hasikii, kazi ya kwanza ni kumtafuta kiziwi mtu mzima. Yupo: fundi cherehani sokoni, seremala, mama anayeuza vitenge, kijana wa saluni. CHAVITA ina watu wake mikoani, na Kenya viziwi wana chama chao cha taifa. Aombwe aje nyumbani mara kwa mara, alipwe nauli na chochote, akae na mtoto na nyumba nzima, kaka na dada wakiwemo, kwa sababu watoto hushika alama haraka kuliko wazazi. Miadi ya hospitali iendelee, shimesikio litafutwe, jina liandikwe kwenye orodha ya kifaa. Na pale ambapo hapana kiziwi mtu mzima karibu, shule ya viziwi ya wilaya ya jirani ina wanafunzi wanaorudi makwao wakati wa likizo. Mmoja wao akikaa alasiri chache na mtoto wa miaka miwili, somo limeanza.